RAMANI YA KIJIJI IOMBWE KWA BARUA



Tangu vile vigingi vyekundu vionekane kule bondeni, kila kilabu cha pombe kina ramani yake. Huyu anasema malisho yamekwisha, kapewa mwekezaji. Yule anasema ati ni barabara. Wa tatu anaapa kuwa mashamba ya ufuta ya ng'ambo ya mto yametiwa kwenye hifadhi na haya ndiyo mavuno ya mwisho. Wiki iliyopita majirani wawili, wote wanachama wetu, nusura wakatane mapanga kwa mpaka ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona kwenye karatasi.

Na ramani ipo! Mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji hiki ulipita kwenye Mkutano Mkuu, mikono tuliinyoosha wenyewe. Wapimaji walikuja, wakalala hapa, wakala kuku wetu. Ramani ikapelekwa wilayani kukamilishwa. Ofisi ya kijiji imebaki na nakala moja iliyofifia, na kipande cha bondeni, ndicho hicho tunachogombea, kimeliwa na mchwa. Kila kiongozi anayekwenda kuulizia anarudi na jibu lile lile: njooni wiki ijayo. Nauli inakwisha, wiki haifiki.

Wazee walioletwa hapa wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ile ya 1973 hadi 1976, wanajua hasara ya mpaka wa kuonyeshwa kwa kidole. Mpaka ulikuwa mwembe, kichuguu na mto. Mwembe umekatwa, mto nao umehama. Ndiyo maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 ikataka kijiji kiwe na cheti cha ardhi, na ardhi ijulikane ipi ni ya wote, ipi ni ya mtu au familia, ipi ni akiba ya baadaye. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 nayo imeipa Halmashauri ya Kijiji mamlaka ya kupanga katika eneo lake. Sasa mwenye kupanga anawezaje kunyimwa kuona alichopanga?

Basi tuache kwenda wilayani kwa mdomo. Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016. Inasema raia akiomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, ofisi hiyo imjibu kwa maandishi mapema iwezekanavyo, isipite siku 30 tangu ilipopokea ombi. Imjibu kama taarifa ipo, na kama atapewa. Ikikataa, itoe sababu. Kuna mambo sheria imeyaficha, kama usalama wa taifa na siri za watu binafsi. Lakini mahali pa malisho na mahali pa makaburi, mambo tuliyoyapitisha mkutanoni mchana kweupe, yatakuwaje siri?

Tunasisitiza jambo moja ambalo wengi hawalijui. Haki hii sheria imempa raia. Kwa hiyo mhuri wa chama chetu peke yake usitutie kiburi. Barua iwe na majina na saini za watu, Watanzania, kila mmoja kwa jina lake. Asiyejua kuandika hakuachwa nyuma: anaweza kusema ombi lake kwa mdomo, na afisa wa taarifa ana wajibu wa kuliandika.

Tena barua iombe vitu vinavyojulikana. Ukiandika "tunaomba ramani zote" utajibiwa kuwa haieleweki unataka nini, na siku zako zimepotea. Sisi tutaomba ramani ya mipaka ya kijiji, ramani ya matumizi ya ardhi kama ilivyopitishwa, na muhtasari wa mkutano ulioipitisha. Tutauliza pia kama kuna badiliko lolote lililofanywa baadaye, na nani kalifanya. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Kama kweli bonde linahamishwa kutoka ardhi ya kijiji, sheria ya 1999 inasema eneo likiwa chini ya hekta 250, Mkutano Mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo Waziri anaamua, lakini maoni ya mkutano lazima yafike kwake. Mkutano huo hapa haujaitishwa. Bila ramani hatuwezi hata kusema vigingi vile vimezunguka hekta ngapi, tunabaki kupiga kelele tu.

Huenda pia vigingi havina ubaya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Labda ndizo hizo zimepimwa. Ikiwa ni hivyo, wenye ufuta wa kandokando ya mto wajue mapema kabla ya kuandaa shamba, na huyo mwekezaji wa kilabuni apumzishwe.

Barua iandikwe nakala mbili, iende kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya. Moja ibaki masjala, ya pili irudi hapa na mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila mhuri hakuna wa kuhesabu siku. Ada ikidaiwa, tudai stakabadhi. Tukinyimwa, tunazo siku 30 za kumwandikia mkuu wa taasisi aangalie upya, na baada yake rufaa ipo kwa Waziri. Na ramani ikija asitokee mjanja na kalamu yake akajiongezea shamba. Kupotosha taarifa uliyopewa ni kosa lenye kifungo.

Wapo wanaonong'ona kuwa tutaonekana wakorofi. Wenzetu hao ndio walioomba mkopo wa hati za kimila mwaka jana, na hati hazitoki mpaka mipaka ya kijiji isimame. Wachague.

Barua itasomwa Jumamosi ghalani, mizani ikishafungwa. Kila atakayesaini aje na kitambulisho. Kalamu ipo kwa karani.