Pumu Ikinyamaza Haijapona

Ndugu zangu wa Butembo na Beni, nina neno juu ya pumu: tunamtibu mgonjwa usiku, mchana tunamsahau.

Mnaijua ile saa kumi ya alfajiri. Mtoto ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mabega juu, kifua kinapiga filimbi. Baba anatafuta pesa ya pikipiki. Motari gani atatoka saa hiyo? Hali ya dharura ya usalama iliyoanza kwetu tarehe 6 Mei 2021 ilitukuta tumekwisha kuzoea kufunga milango mapema. Na pumu, kwa ukorofi wake, hupenda saa hizo hizo.

Sikilizeni basi. Mirija ya hewa ya mwenye pumu huwa imevimba ndani hata siku anayocheza mpira. Ikichokozwa na moshi, vumbi, baridi au mafua, misuli inayoizunguka hukaza, na ute mzito huziba nafasi iliyobaki. Tunadhani hewa inakataa kuingia, kumbe taabu kubwa ni kuitoa.

Kuna uvimbe na kuna mkazo, na kila kimoja kina dawa yake. Salbutamol, ile pompi ya buluu, hulegeza misuli ndani ya dakika chache, lakini uvimbe hauugusi. Uvimbe hutulizwa na beklometasoni au budesonidi, ya kuvuta kila siku. Hapo ndipo tunapogombana. "Avute dawa na haumwi?" Mbona mkahawa tunaupalilia hata mwezi usio na tunda?

Wengine husema pompi huua, kwa kuwa walimwona mtu akifa nayo mkononi. Mara nyingi huyo alikuwa na ya buluu peke yake, akaitegemea mpaka ikamshinda. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haukubali tena itumike hiyo tu. Mwaka huo huo pumu iliua watu wapatao 455,000 duniani, wengi wao katika nchi zenye mifuko kama yetu. Muulizeni mganga wa kituo chenu dawa ya pili, hata kama hamkuandikiwa.

Mtoto hawezi kuvuta pompi barabara. Sehemu kubwa ya dawa huishia kinywani na kooni. Chukueni chupa ya plastiki ya nusu lita, ioshwe, itobolewe kitakoni tundu la kubana mdomo wa pompi. Tikiseni pompi, bonyezeni mara moja, mtoto apumue polepole kwa mdomo wa chupa, mara tano hivi, ndipo mbonyeze tena. Msicheke: madaktari wa Cape Town waliipima chupa hiyo, wakatangaza mwaka 1999 kuwa inafanya kazi sawa na kifaa cha dukani.

Na mbabula ya makaa itoke nje. Najua, Butembo iko juu ya mita 1,700 na baridi yake haina huruma. Lakini makaa yanayowaka chumbani mlango umefungwa huwaua hata wazima.

Tena, filimbi ikinyamaza ghafla na mtoto bado anahema, mbavu zinabonyea, midomo imekuwa ya kijivu, msishangilie. Hewa imepungua hata ya kupigia filimbi. Mgongeeni jirani mwenye pikipiki, usiku au si usiku, na chupa iende na mtoto, mkimpa dawa ya buluu njia nzima.