SAINI YA SIMU ISITUPOTEZEE SHAMBA

Ndugu wanakijiji,

Siku hizi wako watu wanasema eti karatasi zimepitwa na wakati. Serikali ikitaka kutwaa shamba, barua itumwe kwa simu, mwenyewe abonyeze tu, basi amesaini! Kwa hiari ni sawa. Kwa lazima tukatae.

Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 yataka mwenye ardhi akabidhiwe taarifa mwenyewe, au iachwe anapoishi. Ni kweli, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua saini ya kielektroniki. Lakini simu moja nyumbani hushikwa na watu watano. Nani kabonyeza? Bibi asiyejua kusoma, au mjukuu wake? Na fidia ikipunjwa, tutadai kwa ushahidi gani?

Hata Marekani, kwenye simu na kompyuta nyingi, kanuni za 2024 zinaruhusu taarifa za namna hii pale tu mwenye mali anapochagua mwenyewe.

Basi msimamo ni huu: simu ilete habari, karatasi ifuate, isomwe kwa sauti mbele ya mashahidi, ndipo mtu atie saini au dole gumba.

Asiyesomewa asisaini!

Katibu