Paka na Panya, Sungura na Fisi: Ugomvi wa Wanyama katika Somo la Kusimulia

Kila tupandapo barabara ya Chimala yenye kona zake 57 kuja Matamba kwa mazoezi ya kufundisha, hukutana na lalamiko lile lile kutoka kwa walimu wenzetu: watoto wa siku hizi hawajui hadithi, wanajua katuni tu. Siku ya gulio huwaona watoto wamesongamana dirishani pa kibanda cha video, wamejikunyata kwa baridi, wakimtazama paka anavyomkimbiza panya hata akajigonga ukutani. Pale hucheka kwa sauti kubwa. Kesho yake darasani, mwalimu akiwataka wasimulie habari yoyote kwa Kiswahili, huinamisha vichwa. Wako waliokwisha kukata shauri kwamba katuni ndizo zilizowafunga watoto ndimi, na kwamba dawa ni kuzipiga marufuku. Sisi twaona hukumu hiyo imetolewa kabla ya kumsikiliza mshtakiwa.

Yafaa basi tuanze kwa kumjua mshtakiwa huyo. Paka na panya wanaojulikana kuliko wote, Tom na Jerry, walitokea mara ya kwanza nchini Marekani mwezi Februari 1940, katika sinema fupi ya kampuni ya MGM. Waliowatunga ni vijana wawili, William Hanna na Joseph Barbera. Katika sinema hiyo ya kwanza paka aliitwa Jasper. Jina la Tom lilikuja baadaye. Hadi mwaka 1958 watungaji hao walikuwa wametoa sinema 114 za wanyama hao, na saba kati yake zilipata tuzo ya Oscar, ya kwanza ikiwa ya mwaka 1943. Kila sinema ilikuwa ya dakika saba hivi, nayo ilichorwa kwa mkono. Kwa kuwa katika kila sekunde hupita picha 24 mbele ya macho, sinema ya dakika saba hupitisha picha zipatazo elfu kumi, ingawa mchoro mmoja huweza kutumika katika picha zaidi ya moja. Hesabu hiyo peke yake ni zoezi zuri la kuzidisha kwa Darasa la Tano.

Lakini jambo linalotuhusu zaidi sisi walimu ni kwamba wanyama hao karibu hawasemi. Muziki wa Scott Bradley ndio unaonena badala yao: mnyato, mteremko, woga na ushindi vyote vina sauti yake katika ala. Kwa hiyo mtoto wa Matamba, ambaye nyumbani huzungumza Kiwanji au Kikinga, huielewa sinema hiyo sawasawa na mtoto wa Dar es Salaam au wa Chicago. Maana yote ameipata, ila maneno hakupewa. Hapo ndipo penye nafasi ya mwalimu. Mtoto aliyejaa maana asiyekuwa na maneno ni mwanafunzi aliye tayari kabisa kufundishwa lugha.

Wapo watakaosema: tuwaonyeshe basi, lakini tuondoe ugomvi, kwa maana unafundisha kupigana. Jambo hilo limekwisha kujaribiwa. Mwaka 1975 Tom na Jerry walitengenezewa mfululizo mpya wa televisheni, na kwa sababu ya masharti ya wakati ule juu ya ukali katika vipindi vya watoto, paka na panya wakafanywa marafiki wanaosafiri pamoja. Mfululizo huo haukupendwa kama ule wa awali, wala si ajabu. Paka asiyemtamani panya hana habari ya kusimuliwa. Ugomvi ndio unaomfanya mtazamaji aulize: sasa itakuwaje? Na mtoto akiuliza hivyo, amekwisha kuanza kufikiri.

Hilo wazee wetu walilijua zamani sana kabla ya sinema. Katika ngano za nchi yetu, na za majirani zetu wa Afrika Mashariki, Sungura na Fisi ni jozi ya namna hiyo hiyo. Mmoja ni mdogo mwenye akili nyingi. Mwingine ni mkubwa mwenye tumbo lisiloshiba. Fisi hudanganywa leo, na kesho huja tena kudanganywa, kama vile Tom asivyochoka kuanguka. Msimulizi hakuwapatanisha ili kuwalinda watoto. Tena hakumwacha Sungura ashinde siku zote, kwani katika ngano nyingine Kobe mwenye mwendo wa pole humshinda huyo mjanja. Hatusemi kwamba Jerry ni mtoto wa Sungura wetu. Ila twajua kwamba Waafrika waliopelekwa utumwani Marekani walikwenda na ngano zao, na mwaka 1880 Joel Chandler Harris alichapa kitabu cha visa vya sungura mjanja na mbweha alivyovisikia kwa watu weusi wa huko. Mdogo kumshinda mkubwa kwa akili si jambo geni kwetu, liletwalo na umeme.

Katika mazoezi yetu tulilijaribu jambo hili katika Darasa la Pili. Shule haikuwa na televisheni, wala hatukuihitaji. Tulichora picha sita kwenye karatasi za manila: paka amelala, panya anavuta mkia, paka anaamka, na kadhalika. Picha ya mwisho tuliificha. Tukauliza swali moja tu: nani mwenye makosa? Mtoto mmoja, ambaye kwa wiki mbili hatukuwahi kusikia sauti yake, alisimama bila kuitwa akasema kwamba panya ndiye aliyeanza uchokozi. Mwenzake akapinga: paka ana nguvu, angemsamehe. Darasa likawaka. Walipokosa neno la Kiswahili walitumia la nyumbani, nasi tukawapa la Kiswahili, wakalichukua papo hapo kwa sababu walikuwa na haja nalo. Kisha tukawauliza kama wanajua wanyama wengine wenye ugomvi kama huo. Mikono mingi ikainuka: Sungura na Fisi! Kumbe hadithi walikuwa nazo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza.

Tulikosea jambo moja, nalo twalisema ili wenzetu wasilirudie. Mwisho wa kipindi tuliwaambia fundisho la hadithi ni kwamba uchokozi ni mbaya. Mara wote wakanyamaza, kwa kuwa mwalimu amekwisha kusema, na neno la mwalimu halina mjadala. Kwa sentensi moja tulifunga midomo tuliyohangaika kuifungua kwa dakika arobaini.

Hata hivyo, hatusemi kila katuni ifunguliwe darasani bila kuchunguzwa. Mzaha mzaha hutunga usaha. Mtoto anayeona paka akipigwa kwa nyundo na kuinuka mzima hana budi kuulizwa: je, mtu angeinuka? Tena zimo katika sinema hizo za kale picha za kuwadhihaki watu weusi. Mojawapo ni mtumishi wa kike aliyechorwa aghalabu bila kuonyeshwa uso, ambaye baada ya malalamiko aliondolewa, na baada ya mwaka 1952 hakutokea tena katika sinema mpya za wakati huo. Mwalimu asiyetazama kwanza peke yake asimwonyeshe mtoto. Siku hizi pia tunazo kazi za kwetu: Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam tangu 2014, hufundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili.

Kwa hiyo twapendekeza utaratibu huu. Kwanza, mwalimu achague kisa kifupi chenye wanyama wawili na ugomvi mmoja, kiwe cha sinema, cha picha au cha kijijini. Pili, akikatize kabla ya mwisho. Tatu, awaache wanafunzi wabashiri na wabishane, naye atoe maneno wanayoyahitaji. Nne, awatume nyumbani wakaulize kwa bibi au babu kisa cha wanyama kinachofanana na hicho, waje wakisimulie kwa Kiswahili. Tano, fundisho walitoe wanafunzi wenyewe; mwalimu ajizuie.

Tukipiga katuni marufuku, watoto wa Matamba watarudi dirishani pale pale siku ya gulio, wacheke, kisha waje darasani wainamishe vichwa kama zamani. Wanaotuhusu ni hao walioinamisha vichwa. Mtoto anayemaliza Darasa la Pili bila kuthubutu kusema sentensi tatu mbele ya wenzake atabeba ukimya huo miaka mingi, na ikiwa paka na panya waweza kumwinua kichwa, basi na tuwaite darasani.