Chungu na Sufuria

Kijana mmoja aliniletea wimbo wake wa taarabu akitaka niusifu. Sauti anayo, mapenzi anayo, lakini mizani hana. Nikampa mfano nilioutunga papo hapo: “Jiko limewaka, chungu kiko wapi.” Hesabu kwa vidole: silabi sita, kituo, silabi sita. Hizo ni 12, kipimo cha mshororo katika nyimbo nyingi za taarabu ya zamani, zenye beti za mishororo mitatu mitatu. Sasa ondoa chungu, weka sufuria: silabi mbili zimezidi, na mwimbaji atalazimika kuzimeza huku mpiga fidla akimngoja. Kazi ya mtunzi ndiyo hiyo, kuhesabu na kufuta, kama fundi seremala anavyopima mbao kabla ya kukata. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi, upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika tatu tu. Hapakuwa na nafasi ya neno la kujazia. Halafu kuna fumbo. Ukumbini mama huinuka na noti mkononi, akacheza taratibu hadi kwa mwimbaji, amtuze ubeti uleule unaomgusa jirani yake. (Jirani naye anajua, ila hana ushahidi.) Wimbo unaotaja jina hauwezi kufanya hivyo. Kijana aliondoka amenuna. Juzi karudi: sufuria imetoka, chungu kimekaa, na wimbo unaimbika.