Balbu ya bei chee inavyomkosesha mkulima taarifa ya mvua

Katika nyumba nyingi za Bahi jioni haianzi tena na kibatari. Umeme umefika vijijini, sola zinauzwa hadi mnadani, na balbu ya LED imependwa kwa sababu haili umeme. Tatizo ni kwamba ikiwashwa tu, redio nayo inaanza kukwaruza. Wenye redio hulaumu mawe au mnara wa kituo, kumbe mara nyingi mkosaji yuko darini.

LED haitumii umeme wa volti 230 kama ulivyo. Ndani ya balbu mna saketi ndogo inayoupunguza kwa kuukata na kuurudisha maelfu ya mara kila sekunde. Ukataji huo hutoa kelele ya mawimbi, na nyaya za nyumba zinageuka antena ya kuisambaza. Balbu nzuri huwekewa koili na kapasita za kuizuia. Kwenye zile za bei chee, vitu hivyo ndivyo vya kwanza kuachwa, kwani mnunuzi havioni. Chaja za simu na vidhibiti chaji vya sola vina tabia hiyohiyo. Masafa ya kati huumia zaidi, lakini hata FM haiponi pale mawimbi ya kituo yanapofika yakiwa hafifu.

Si la Bahi peke yake. Agosti 2018, Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kuwa taa za LED zinavuruga redio za mawasiliano za vyombo vya majini.

Bahi ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Anayepanda mtama au kuandaa kitalu cha mpunga akikosa utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, anaweza kupoteza mbegu kwa mvua ya kudanganya. Nafuu ya dukani hailipi hasara hiyo. Wapo watakaosema simu zipo; lakini simu inataka bando, redio haitaki.

Shirika la Viwango, TBS, linapopima balbu kwa usalama, kelele ya redio nayo ipewe uzito uleule. Kumbebesha lawama zote muuza duka ni uonevu, kwa kuwa naye aliuziwa katoni imefungwa. Hata hivyo anaweza kuweka redio ya betri kaunta, aitegeshe kwenye kituo hafifu na kuwasha balbu karibu yake mbele ya mteja. Duka lenye utaratibu huo litapata wateja.

Nyumbani, redio ya betri iwashwe, kisha taa na chaja zizimwe kimoja kimoja hadi mkwaruzo ukome. Kifaa kilichobainika kibadilishwe, au redio isogezwe mita chache mbali nacho. Kwa masafa ya kati, kuigeuza redio upande pia husaidia, maana antena yake ya ndani husikia vizuri pande fulani tu.