ZILE TAA UNAZOPIGA PICHA NI KWETU

Wadau, Ijumaa nilipanda na washkaji kwenye baa moja ya mlimani hapa Mwanza. Pametulia balaa! Muziki wa chini chini, upepo wa Ziwa Victoria, viti vya plastiki, hakuna kuangaliana umevaa nini.

Giza lilipoingia taa zikawaka kwenye vilima vyote vya mawe. Dada mmoja meza ya jirani akapiga picha, akasema, "Yaani kama Ulaya!"

Nikacheka kimoyomoyo. Dada yangu, ile ni Igogo na Bugarika. Ndo kwa mama zetu wanaopandisha ndoo kichwani katikati ya mawe. Mimi nimekulia huko.

Pigeni picha, sikatai. Ila mkiposti, andikeni jina la mtaa. Aibu ya nini?