Ramu si Pombe Tu

Wako walimu wenzetu wanaoshikilia kwamba kila kileo kiitwe "pombe", na hapo mjadala ukome. Sikubaliani nao hata kidogo. Kitazameni kinywaji cha sikukuu cha Barbados, kinachofaa sana penye nyama ya kuchoma: kipimo kimoja cha maji ya ndimu, viwili vya shira ya sukari, vitatu vya ramu, vinne vya maji, kisha hunyunyiziwa kungumanga. Ramu hiyo hukenekwa kutokana na molasi ya miwa. Mwanafunzi akiandika "vipimo vitatu vya pombe", msomaji wa Bujumbura atamimina pombe ya ndizi, ambayo huchachushwa tu wala haikenekwi. Ukali utapotea na karamu itachujuka.

Watasema kwamba habari za vileo hazifai darasani. Mimi simfundishi mtu kunywa, namfundisha kupambanua. Kuchachusha si kukeneka, kukoroga si kutikisa, ndimu si limau. Maneno hayo yote Kiswahili kinayo. Umaskini tunaoisingizia lugha yetu ni uvivu wetu sisi walimu, na dawa yake ni kamusi.